Somo la Ufundi: Kuchagua Betri Mpya za Pikapu ya Dizeli

Wengi wetu twatoka vijiji ambako pikapu moja ya dizeli hutumikia watu wengi. Asubuhi hubeba maziwa, mchana hubeba viazi na ndizi, na usiku, mtu akiugua ghafula, hiyo hiyo ndiyo humpeleka hospitali. Siku stata inapolia "taka" moja na kunyamaza, maziwa huharibika na mgonjwa hungoja. Hapo lawama zote huangukia betri, na mwenye gari hukimbilia dukani kununua betri ya kwanza aonyeshwayo. Haupiti mwaka, amerudi dukani tena.

Somo hili lataka kumsaidia mtu huyo. Tena lataka kuwaonyesha ninyi wanafunzi kwamba hesabu za volti, ampea na wati tunazofundishwa darasani zina kazi nje ya mtihani. Ndugu zetu waliomaliza shule, ambao sasa wana motokaa zao au wanasimamia motokaa za vyama, watuwie radhi tukianzia mwanzo.

1. Kwa nini dizeli yataka betri kubwa

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli analijua: hewa ikibanwa hupata joto. Ukishika ncha ya pampu baada ya kusukuma kwa nguvu, wasikia moto. Katika injini ya petroli hewa hubanwa mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Katika dizeli hubanwa mpaka sehemu moja ya 16, na katika injini nyingine hata sehemu moja ya 22. Joto la hewa hiyo huzidi digrii 500 za sentigredi, na dizeli inaponyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe.

Basi angalia mambo mawili. La kwanza, kubana hewa namna hiyo kwataka nguvu nyingi. La pili, kwataka mwendo wa haraka. Pistoni ikipanda polepole, joto la hewa hunywewa na chuma baridi cha silinda, na hewa yenyewe huvuja pembeni. Utaona injini yazunguka, moshi mweupe watoka, lakini haiwaki. Moshi huo ni dizeli isiyoungua. Kwa sababu hiyo betri iliyochoka, ambayo ingaliweza kuwasha gari dogo la petroli, haiwezi kuwasha dizeli.

Tupige hesabu. Stata ya pikapu ya dizeli yaweza kuwa na nguvu ya wati 2,000 au zaidi. Wakati inapovuta, volti za betri hushuka mpaka 10 hivi. Twajua kwamba wati ni volti mara ampea. Kwa hiyo ampea ni 2,000 gawa kwa 10, yaani 200. Kwa kuwa stata nayo hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, ampea halisi huzidi hapo, na nukta ile ya kwanza ya kuanza kuzunguka huzidi sana. Sasa linganisha na taa kubwa ya mbele ya wati 55, ambayo hutumia ampea zisizofika 5. Stata moja inavuta umeme wa taa zaidi ya 40. Tena katika injini nyingi, kabla ya stata kuguswa, plagi za joto zilizo ndani ya silinda zimekwisha kunywa sehemu yake.

2. Mambo yaliyo ndani ya betri

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ijapokuwa sanduku lake limebadilika, siri yake ni ile ile. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba, au seli, hutoa volti 2.1 hivi. Ndani ya kila seli mna mabamba ya namna mbili: ya risasi na ya oksidi ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji.

Betri inapotoa umeme, salfa hutoka katika tindikali na kushikamana na mabamba yote mawili, na tindikali hubaki nyepesi kama maji. Ikichajiwa, salfa hurudi katika tindikali. Betri ikiachwa bila chaji wiki nyingi, ile salfeti ya risasi huwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na haikubali tena kurudi. Hivyo ndivyo betri nyingi zifavyo kabla ya wakati wake.

Adui wa pili ni joto. Joto likipanda kwa digrii 10 hivi, mambo yanayokula betri kwa ndani huenda karibu mara mbili kwa kasi. Betri ya gari lililoko bondeni penye jua kali haitadumu kama ile iliyoko milimani. Huko milimani, kama Kabale ulio kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, betri hudumu zaidi, lakini asubuhi ya baridi mafuta ya injini ni mazito na kazi ya stata huongezeka.

Adui wa tatu ni kutikisika. Barabara mbovu hupukutisha unga wa mabamba, na unga huo hukusanyika chini ya seli mpaka mabamba mawili yakaungana. Hapo seli hufa, na betri ya seli sita yabaki na tano.

3. Gari la betri mbili

Pikapu nyingi kubwa za dizeli zina betri mbili. Kabla ya kununua chochote, fungua boneti ufuate nyaya kwa macho.

Kama chanya ya betri moja imeungwa na chanya ya nyingine, na hasi na hasi, hizo zimefungwa sambamba. Volti hubaki 12, na ampea hujumlishwa. Ndivyo zilivyo pikapu kubwa za dizeli za Marekani, kama za Ford, Ram na Chevrolet. Kama chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine, hizo zimefungwa mfululizo. Volti hujumlishwa kuwa 24, lakini ampea hubaki za betri moja. Ndivyo yalivyo malori mengi, na Toyota Land Cruiser kadhaa za zamani.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni hili: betri moja ikifa, je, yatosha kununua moja? Tutazame kila upande.

Katika zile sambamba, betri nzima humlisha mgonjwa usiku kucha. Asubuhi zote mbili zi dhaifu. Alteneta nayo yadanganywa na ile mbovu, na ile mpya haichajiwi kama ipasavyo. Katika zile za mfululizo, umeme ule ule hupita katika betri zote mbili. Ile kuukuu huisha kwanza na kukamuliwa kupita kiasi, na wakati wa kuchaji hugawana volti na mwenzake kwa ubaya: moja hupata nyingi mno, nyingine hupata chache.

Basi kanuni ni hii: betri mbili zinunuliwe pamoja, ziwe za namna moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Ikiwa moja imepasuka kwa ajali na zote hazijamaliza miezi sita, hapo waweza kununua moja. Kabla ya kuziunga, chaji kila moja peke yake mpaka ijae.

Kuna jambo moja zaidi kwa wenye gari la volti 24. Watu hupenda kuunga redio ya volti 12 katika betri moja tu. Redio yalia vizuri, lakini betri hiyo kila siku huwa na deni, na nyingine haina. Baada ya miezi michache hiyo moja hufa, na muuzaji hulaumiwa bure. Tumia kipunguza volti kinachovuta umeme kutoka betri zote mbili.

4. Pima kwanza, ununue baadaye

Gari kutowaka si ushahidi kwamba betri imekufa. Fanya kazi hii kwa utaratibu.

Kwanza, safisha vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani hapo huzuia umeme. Maji ya magadi huuondoa, kwa kuwa magadi huua tindikali. Lakini yasiingie ndani ya seli. Kaza vishikizo, na utazame pia waya wa ethi unaoshuka kwenye bodi na injini.

Pili, betri ikiwa imechajiwa na kupumzika usiku kucha, pima volti. Kama ni mbili, zitenganishe upime kila moja. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Volti 12.4 ni robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 ni tupu.

Tatu, kama betri ina vifuniko, pima tindikali ya kila seli kwa haidromita. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.25 na 1.28. Seli tano zikisoma sawa na ya sita ikawa chini sana, seli hiyo imekufa na betri nayo imekwisha. Seli zote sita zikiwa chini kwa usawa, betri huenda ina njaa tu ya chaji.

Nne, mtu apige stata nawe ukitazama kipimo. Betri nzima ya volti 12 haishuki chini ya 9.6 hivi.

Tano, injini ikiwaka, pima tena. Alteneta njema huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, kagua mkanda na alteneta, maana betri mpya utakayonunua itakufa kwa njaa ile ile. Ikizidi 15, betri itapikwa. Katika gari la volti 24, zidisha vipimo hivi kwa mbili.

5. Dukani

Sasa tuseme umehakikisha kwamba betri zimekwisha. Nenda dukani na karatasi yenye mambo haya.

Kwanza ni kipimo cha sanduku. Pima urefu, upana na kimo cha betri ya zamani, na uandike upande ulipo mwanzi wa chanya. Betri ndefu mno yaweza kugusa boneti kwa vichwa vyake na kuwasha moto. Betri ya kugeuka upande hufanya nyaya zisifike, au zivutwe kwa nguvu. Betri za Kijapani huandikwa namba kama 95D31R. Namba 95 ni daraja la nguvu. Herufi D ni upana na kimo. Namba 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, R au L, ni upande wa vichwa. Hata hivyo, njia isiyodanganya ni kuweka ya zamani na mpya bega kwa bega na kuzitazama. Namba za zamani, kama N70, bado hutumika sana madukani kwetu, na hiyo ni betri ya ampea-saa 70 hivi.

Pili ni nguvu ya kuwashia. Betri nyingi huandikwa herufi CCA na namba. Kwa kipimo cha Marekani, hizo ni ampea ambazo betri mpya yaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri, bila volti kushuka chini ya 7.2. Utasema, baridi hiyo kwetu haipo. Ni kweli, lakini namba hiyo ni kama rula: yatusaidia kulinganisha betri na betri. Angalia usilinganishe CCA na CA. CA hupimwa kwenye digrii sifuri, na betri ile ile huonyesha namba kubwa zaidi. Chukua betri isiyopungua namba iliyotajwa katika kitabu cha gari. Ikizidi kidogo si vibaya, mradi sanduku liingie mahali pake.

Tatu ni namna ya betri. Muuzaji akikupa betri ya sola kwa bei nafuu, mshukuru umwachie. Betri ya sola ina mabamba manene ya kutoa umeme kidogo kidogo muda mrefu. Ya gari ina mabamba mengi membamba ya kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo hiyo, betri ya pikapu isichukuliwe nyumbani kuwasha taa na televisheni usiku. Ikikamuliwa mpaka mwisho mara chache tu, mabamba yake membamba huharibika. Betri za kufunikwa kabisa hazihitaji maji, lakini huwezi kupima seli zake. Zile za AGM, ambazo tindikali yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo, huvumilia mtikisiko vizuri, ila bei yake ni kubwa. Gari lililotoka kiwandani na AGM lirudishiwe AGM. Kwa pikapu ya kawaida ya shamba, betri ya vifuniko yatosha, kama kuna mtu wa kuitazama kila mwezi na kuiongeza maji yaliyokenekwa. Asiongeze tindikali.

Nne ni umri. Betri iliyojazwa tindikali kiwandani huzeeka ikiwa rafuni. Uliza tarehe, na ukiona imepita miezi sita bila kuchajiwa, chagua nyingine. Betri kavu, ambayo hujazwa tindikali siku ya kuuzwa, huhifadhika zaidi. Taka ijazwe mbele yako, ipumzike nusu saa, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa.

Tano ni uzito. Risasi ni nzito na ni ghali, na mwenye kudanganya hupunguza risasi. Betri mbili za ukubwa mmoja na namna moja, moja ikiwa nyepesi sana, jihadhari nayo. Tazama pia vichwa: vikiwa na michubuko ya spana, betri hiyo imekwisha kuolewa kwingine na kupakwa rangi upya.

Sita ni dhamana. Tuseme betri moja yauzwa shilingi 100 ina dhamana ya miezi 6, na nyingine yauzwa shilingi 150 ina dhamana ya miezi 18. Ya kwanza ni karibu shilingi 17 kwa mwezi, ya pili ni kama 8. Ile iliyoonekana rahisi ni ghali mara mbili. Lakini dhamana bila risiti yenye tarehe ni maneno matupu.

6. Kuzifunga

Zima injini na kila taa. Usivute sigara, kwa maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka. Vaa miwani na ondoa pete na saa ya mkononi. Fungua hasi kwanza, ya betri zote mbili, ndipo ufungue chanya. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Sababu ni kwamba bodi ya gari ni hasi. Spana ikigusa chanya na bodi wakati hasi imefungwa, itatoa moto wa kutisha. Ikiwa hasi imekwisha kutolewa, hakuna njia ya umeme kupita.

Paka vichwa grisi au vaselini kidogo baada ya kukaza. Mwisho, funga ile pau inayoshika betri isicheze. Wengi huipoteza na kuweka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, na barabara zetu humaliza kazi iliyobaki. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, osha kwa muda mrefu na uende hospitali.

7. Betri ya zamani iende wapi

Hapa nataka kila msomaji asikilize. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko watu wazima, maana huharibu ubongo unaokua. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008, baada ya watu kuvunja betri kuukuu na kuchuja udongo wenye risasi majumbani. Karibu na kwetu, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu.

Basi usiivunje betri uani, usiyeyushe risasi jikoni kwa ajili ya vizito vya nyavu, wala usimwage tindikali shambani. Mrudishie muuzaji betri ikiwa nzima. Maduka mengi hupunguza bei ya mpya kwa kupokea ya zamani, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Maswali ya kujipima

1. Taa na vitu vingine vya gari hutumia wati 120 kwa volti 12. Dereva amezisahau saa 2 usiku. Betri ni moja ya ampea-saa 70, nayo imejaa. Itafika nusu saa ngapi?
2. Betri mbili, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 70, zimefungwa sambamba. Taja volti na ampea-saa za zote pamoja. Zikifungwa mfululizo je?
3. Seli za betri zimesoma 1.26, 1.26, 1.25, 1.10, 1.26 na 1.25. Utamshauri nini mwenye gari?
4. Mzee wa kijiji akuambia: "Mwanangu, alteneta yangu yaonyesha volti 12.3 injini ikiwaka. Niletee betri mpya mjini." Mjibu kwa adabu, ukimweleza sababu.

Majibu

1. Ampea ni 120 gawa kwa 12, yaani 10. Nusu ya 70 ni 35, basi ni saa tatu na nusu: saa 5 na nusu usiku. 2. Sambamba: volti 12, ampea-saa 140. Mfululizo: volti 24, ampea-saa 70. 3. Seli ya nne imekufa. Anunue betri nyingine, na kama gari lina betri mbili, anunue zote mbili. 4. "Shikamoo mzee. Betri yaweza kuwa nzima. Alteneta yako haichaji, kwa maana ingepasa kuonyesha 13.8 au zaidi. Tutazame mkanda na alteneta kwanza, ndipo nipande basi la mjini."